Camper iliyoanguka njia ya Isiolo: tulivyoamua kama inafaa kutengenezwa

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Leo naomba nafasi niwasimulie jambo la Eastlands, Nairobi, ya miaka ya themanini mwanzoni. Picha sina, kamera hatukuwa nayo. Lakini chumvi sijaongeza, na kama kuna mtu humu aliyekaa Dandora wakati ule, huenda alikiona hiki kitu kwa macho yake.

Kwanza mnijue. Naitwa Kyalo. Kwa Kikamba jina hilo anapewa mtoto aliyezaliwa safarini, na nadhani mama aliponipa jina alinipa na kazi.

Shule niliiacha mapema. Sikuwa mjinga. Sikuweza tu kukaa nikiangalia ubao huku malori yakipita nje. Nikawa tanboi, yaani utingo, wa lori la Garissa, nikaosha vyombo hotelini Mombasa, nikasaidia mafundi wa bodi za malori huko huko, nikarudi Nairobi nikauza magazeti Jogoo Road. Kila kitu nilitaka kujua kimetengenezwaje, na nikishajua, nilitaka kuondoka.

Dada yangu Mwende ndiye aliyezaliwa na akili ya kukaa. Alikuwa karani katika duka la vitambaa, ana mabinti wawili, mume alishakwenda zake. Alipanga chumba kimoja Makadara, nami nikiwa mjini nililala kwake, sakafuni, kati ya stovu ya mafuta na cherehani.

Sasa, Mwende alipata kiwanja Dandora.

Kwa nyinyi vijana: Dandora ya wakati ule hukupewa nyumba. Ulipewa ardhi, choo, bafu na bomba la maji, basi. Vyumba ujenge mwenyewe kwa mawe. Na kulikuwa na masharti. Mwenye kiwanja aonekane pale, ujenzi uanze, na asisimamishe kibanda cha makaratasi na mabati, kwa sababu kitavunjwa. Mkaguzi akikuta kiwanja kimelala, kinaenda kwa mwingine. Sijui ni wangapi walinyang'anywa kweli, lakini sote tuliamini hivyo, na Mwende alikuwa hapati usingizi.

Shida yake mnaiona. Kujenga chumba kungechukua muda. Kuhamia bila chumba, angelala wapi na watoto? Kibanda hakitakiwi. Na mwenye nyumba wa Makadara alikuwa ameshamwambia anakitaka chumba chake.

Hapo ndipo inapoingia camper.

Nyuma ya nyumba zetu Makadara, pale penye kamba za kuanikia nguo, kulikuwa na kitu kama sanduku kubwa la bati jeupe, limeinama upande mmoja. Kilikuwa cha Mzee Kilonzo, jirani yetu, dereva mstaafu. Miaka mingi alimwendesha Mzungu mmoja wa kupima mawe, wakizunguka kaskazini yote. Hilo sanduku lilikuwa nyumba yao. Linapakiwa nyuma ya pikapu, linafungwa kwa bolti, na ndani kuna kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, kabati, hata sinki ndogo. Mkifika mnapotaka kulala, mnasimamisha gari, mmefika nyumbani.

Mzungu aliporudi kwao alimwachia Mzee Kilonzo. Lakini kabla ya hapo camper ilikuwa imeanguka. Walikuwa wakivuka mto mkavu njia ya Isiolo, bolti zikang'oka, pikapu ikaenda, nyumba ikabaki. Ililetwa Nairobi juu ya lori, ikashushwa pale nyuma. Mvua zikaipiga, paka wakazaa ndani. Wapangaji wakachoka nayo.

Nilimkuta mzee siku moja ameketi kwenye ngazi yake ya chuma akisikiliza mpira kwenye redio.

“Mzee, hii unaifanyia nini?”

“Naingoja ife.”

“Na kama haitaki kufa?”

Akanitazama. “Kijana, wapangaji wamesema mwisho wa mwezi wanaichoma. Ukiiondoa hapa, ni yako. Lakini mimi ningekuwa wewe ningeiacha ichomwe. Hii imeshatembea, imechoka.”

Wakuu, sikulala vizuri. Mimi tayari nilikuwa nimefika Turkana. Nilijiona nimeegesha kando ya ziwa, ninakunywa chai, mlango uko wazi, hakuna wa kuniuliza nimetoka wapi.

Nilimwambia Mwende asubuhi akifunga kanga kichwani. Yeye hakuuliza habari ya Turkana.

“Ina paa?”

“Inavuja.”

“Mlango unafunga na ufunguo?”

“Unafunga.”

“Basi hiyo ni nyumba. Tuipeleke Dandora.”

“Dada, hiyo ni gari ya safari!”

“Ni gari, eh?” Akatabasamu. “Hata vizuri zaidi. Walikataza vibanda, hawakukataza gari.”

Tukabishana hadi chai ikapoa. Mwishowe tukapatana hivi: ikitengenezeka, itasimama kiwanjani mpaka chumba cha kwanza kipate paa. Siku hiyo hiyo ni yangu, naipakia, naelekea kaskazini. Mabinti zake walikuwa mashahidi.

Swali likabaki moja tu. Inatengenezeka?

Nikaita fundi wa bodi kutoka garaji moja ya Jogoo Road. Akaizunguka, akapiga teke kona iliyobonyea, akachungulia ndani, akafuta mikono ingawa hakuwa ameshika chochote.

“Hii haitaki fundi,” akasema. “Hii inataka padre.”

Akaenda zake. Majirani walicheka wiki nzima. Wakinipita wananiuliza mazishi ni lini.

Lakini mimi nilikuwa na udadisi wangu. Nikachukua bisibisi, nikaanza kuichoma kila mahali, kama daktari anayetafuta panapouma. Sakafu chini ya kitanda, bisibisi iliingia kama kwenye mkate uliolowa. Kona ya nyuma, fremu imevunjika vipande. Kuta za kati, ngumu. Ukuta wa mbele, ngumu. Paa, maji yaliingia kwenye mshono mmoja tu, ule wa juu ya kitanda, yakashuka mpaka chini. Kumbe uozo wote ulikuwa na mzazi mmoja.

Kisha nikafungua mlango na kuufunga. Nikaufungua tena.

Huko Mombasa nilijifunza kitu kwa wale mafundi wa malori. Sanduku likijipinda, mlango ndio wa kwanza kukataa. Unakwama juu, unaacha mwanya chini. Huu ulifunga taratibu, ukasema “tak”, na ule mwanya pembeni ulikuwa sawa juu mpaka chini. Maana yake camper ilianguka kwa kona moja, lakini mwili haukujipinda. Imevunjika mguu, haijavunjika mgongo.

Nikamwambia Mwende inafaa. Akampa mwenye nyumba notisi siku hiyo hiyo. Nikaogopa sana, kwa sababu sasa kama nimekosea, watoto wako nje.

Nilimhitaji mtu wa mbao. Nikamwendea Nzioka.

Nzioka tumetoka kijiji kimoja. Alikuwa mchongaji, kule kwenye mabanda ya wachongaji karibu na Gikomba, ambako kutwa kucha unasikia tezo zikigonga mti, na maranda yamekufikia magotini. Alichonga twiga, vifaru, wazee wenye ndevu, vyote vya watalii. Alikuja na tezo yake kiunoni kama bastola.

“Kyalo,” akasema, “wenzako wanatafuta mke kabla ya nyumba. Wewe umepata nyumba, nayo ni kilema.”

Akang'oa kipande cha ile plaiwudi iliyooza, akakivunja kwa vidole viwili.

“Hii ni nini?”

“Ni mbao ya Ulaya.”

“Hii ni karatasi imegandishwa kwa uji. Mtu mzima unalala juu ya karatasi? Subiri.”

Kesho yake akaja na mkokoteni umejaa muhugu. Wasioujua, muhugu ni mti wa wachongaji, mzito, mgumu, una harufu tamu ambayo haiishi miaka na miaka. Vilikuwa vipande vilivyokataa kuwa twiga: kimoja kimepinda shingo, kingine kina ufa mahali pa macho. Katika mabanda yao vilirundikana bure, wakipikia chai.

Akafanya kazi, wakuu, kazi ambayo sijaiona tena. Akaondoa uozo wote, akaweka fremu mpya ya kona, akaweka maboriti ya sakafu, akaviunganisha vipande kwa kulishana, ulimi ndani ya tundu, bila msumari hata mmoja. Mti ulionyooka hakuweza kuuacha ulivyo, mkono ulimwasha. Juu ya mlango akachonga ndege wawili.

“Nzioka, hii ni gari.”

“Gari lako halitaki urembo?”

Mimi nilipanda juu, nikaziba ule mshono kwa lami na turubai, kisha kwa uoga nikapaka lami paa lote, mara ya pili. Mzee Kilonzo mwenyewe, aliyesema ichomwe, alianza kuja na kigoda. Kwanza alitazama. Halafu akaanza kutuelekeza. Halafu akanyoosha ile miguu ya chuma ya kuisimamishia camper, iliyopinda ilipoanguka, akiipiga nyundo juu ya jiwe na kuimba nyimbo za kwao.

Mwende alitaka tumwage simiti sakafuni.

“Mimi siwezi kudeki mbao,” alisema. Tukacheka mpaka akakasirika. Tulimkatalia simiti tukijiona sisi ndio tunaojua mambo.

Jioni zile ndizo ninazozikumbuka zaidi. Harufu ya muhugu na stovu za mafuta, watoto wakikimbizana kati ya nguo zilizoanikwa, redio ya Mzee Kilonzo ikikoroma dirishani. Wapita njia walisimama kutoa maoni. Kila mmoja alijua kitu kuhusu mbao, kuhusu bati, kuhusu Wazungu. Hakuna aliyesema neno “uzito”. Nzioka hufikiria mti kwa ugumu wake na harufu yake. Kazi ya mchongaji hubebwa mkononi. Hajawahi kuuliza pikapu itasema nini.

Jumapili ikafika. Mwende alikuwa mwimbaji wa kwaya, akawaomba wanaume wa kwaya waje baada ya ibada. Wakaja na suti zao. Pikapu tuliazima kwa mfanyabiashara mmoja wa sokoni, na dereva akawa Mzee Kilonzo.

Wakavua makoti, wakainama. Kiongozi wa kwaya akapaza sauti, “Haraaambee!”

“Hee!”

Haikunyanyuka.

“Haraaambee!”

“Hee!”

Ikanyanyuka kidogo, ikarudi chini. Mtu mmoja akasema, “Mwende, umesahau watu ndani?” Tukaita vijana wa mpira uwanjani. Sasa ikapanda. Ilipokaa kwenye pikapu, nyuma ya gari ikashuka karibu iguse ardhi, na mbele ikainua pua ikitazama mawingu.

Mzee Kilonzo akaingia, akajaribu usukani, akatoka.

“Usukani umekuwa mwepesi kama wa baiskeli. Magurudumu ya mbele hayashiki ardhi vizuri. Nikiondoka hivi, tutafika Dandora au tutafika mbinguni, sijui.”

Unajua tulifanya nini? Wanaume wawili wanene wa kwaya, wa sauti ya besi, walivaa makoti yao tena, wakaketi juu ya boneti. Ndivyo tulivyokwenda Outering Road, polepole, mabesi wawili wamekaa mbele wameshikana mabega, sisi wengine tukitembea pembeni, na kwa kuwa ni kwaya, wakaanza kuimba. Watu walitoka majumbani. Wengine walidhani ni harusi. Wengine walivua kofia.

Tulipoishusha kiwanjani juu ya mawe, pikapu iliruka juu kwa furaha. Mzee Kilonzo akaizunguka camper, akaigonga na kiganja.

“Kyalo,” akasema bila kucheka, “hii haitapanda gari tena. Siku mkitaka kuihamisha, mtahamisha Dandora.”

Nilikuwa nimeshajua tangu kwenye harambee ya kwanza. Nilikwenda nikasimama karibu na bomba la maji, nikanawa uso, nikakaa huko kwa muda. Nzioka akanifuata.

“Umenichukia?”

“Umeniondolea Turkana.”

“Turkana bado iko,” akasema. “Haijapakiwa kwa gari la mtu.”

Siku chache baadaye mkaguzi akaja.

Ilikuwa asubuhi. Kijana mwenye shati jeupe, kalamu juu ya sikio, anatembea kiwanja hadi kiwanja. Njia hiyo hiyo alikuwa ameshasimamisha watu wawili wenye vibanda na kuwaambia wabomoe. Tulisikia mabati yakishushwa. Mwende alikuwa akichemsha uji. Hakuacha kukoroga.

“Mama, hiki kibanda ni cha nani?”

“Karibu. Kibanda kipi?”

“Hiki.”

“Hii ni gari, bwana.”

“Gari haina magurudumu?”

“Yameenda kazini. Yatarudi jioni.”

Majirani wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamkanyaga Mwende mguu anyamaze.

Mkaguzi akaizunguka. Akaipiga teke kidogo kwenye kona, ile iliyokuwa imevunjika, ambayo Nzioka aliijenga upya. Haikutikisika hata kidogo. Akainama, akaikwaruza kwa ukucha, akanusa.

“Hii ni muhugu?”

“Ni muhugu,” nikasema.

“Mpaka chini?”

“Mpaka chini.”

“Nani anaweka muhugu kwa kibanda?”

“Si ndiyo nakwambia,” akasema Mwende. “Si kibanda.”

Akafungua mlango. Ndani mabinti wawili walikuwa mezani na sare za shule, wanakunywa uji, pazia limefungwa vizuri, kitanda kimetandikwa. Mdogo akamsalimia, “Shikamoo.” Akaitikia. Akasimama pale mlangoni akiwatazama wale ndege wawili juu.

Kisha akageuka akauliza msingi uko wapi. Tukamwonyesha mtaro niliouchimba, na mawe yaliyoanza kupangwa.

Akatoa kalamu sikioni.

“Mwenye kiwanja yupo na ujenzi umeanza. Nimemaliza. Hiki kingine mimi sikijui, sina mahali pa kukiandika. Chumba cha kwanza kikipata paa, mkiondoe.”

“Tutakiondoa,” akasema Mwende, bila kupepesa macho.

Alipopotea kwenye kona, dada yangu aliketi chini kwenye mchanga, na kanga yake safi, akalia hadi uji ukaungua.

Wakuu, haikuondolewa. Ingeondolewaje? Chumba cha kwanza kilipanda upande mmoja, cha pili upande wa pili, na kabla hatujajua, camper ilikuwa katikati ya ua, imezungukwa na mawe, njia ya kutoka haipo. Ikawa jikoni. Baadaye fundi viatu akapanga humo akakaa miaka. Upepo ukigeuka kutoka upande wa jalala, Dandora yote inajua harufu yake, lakini ndani mle ulinusa muhugu.

Mimi niliondoka kabla ya mvua. Nilikwenda Turkana juu ya lori la magunia, nikaliona ziwa, nikakaa siku nyingi, nikaendelea mbele. Nimefika mahali pengi tangu hapo, na nimelala kwa watu wengi. Nyumba yangu mwenyewe sijawahi kuijenga.

Ila kila niliporudi Nairobi nilikuwa na pa kwenda. Mara ya kwanza nilipotea, kwa sababu Dandora ilikua haraka, vichochoro vipya kila mahali. Nikamuuliza mama mmoja wa mboga kama anamjua Mwende wa Makadara, yule karani. Hakumjua. Nikamweleza zaidi, akapiga makofi.

“Ah! Unamtafuta Mama Gari! Si ungesema? Nenda moja kwa moja.”

Na hilo ndilo jina lake hadi leo. Wajukuu zake wanaitwa wajukuu wa Mama Gari, na hawajui gari lenyewe ni lipi.

Nilichojifunza? Ukiletewa camper iliyogongwa, au kitu chochote kilichoanguka, fuata maji yalipoingilia, choma sakafu kwa bisibisi, funga na ufungue mlango. Pima uzito wa mbao kabla ya kumshukuru fundi. Hayo ni ya ufundi, yanajibu kama inatengenezeka. Kama inafaa kutengenezwa, hilo mimi nililijibu vibaya. Niliangalia itanipeleka wapi. Dada yangu aliuliza kama mlango unafunga, kwa sababu alijua ni nani watalala ndani.

Nimemaliza. Sasa nyinyi mliojenga Dandora, Umoja, Kayole na kwingineko wakati ule: kabla paa halijapanda, nyinyi na watoto mlilala wapi? Semeni hapa chini, nasoma kila jibu.